Nani Ale Robo? Mjadala Kuhusu Uwakala wa Wapigapicha wa Biashara Kagongwa

Mpigapicha wa biashara ni yule ambaye picha zake hutumika kuuza bidhaa, kutangaza huduma au kueleza shughuli za taasisi, tofauti na mpigapicha wa harusi na sendofu ambaye picha zake huishia katika albamu na simu za wenye shughuli. Wakala wake ni mtu asiyepiga picha, bali hutafuta wateja, hupatana bei, huandika mikataba na kufuatilia malipo, na kwa kazi hiyo hukata sehemu ya ada inayoitwa kamisheni. Katika miji kama London na New York kazi hii imekuwa taaluma kamili, na kamisheni ya kawaida huko ni karibu robo ya ada ya mpigapicha. Swali linalojadiliwa hapa ni kama taaluma hiyo inaweza kumlisha mtu anayeishi Kagongwa, mji mdogo wa Manispaa ya Kahama ulio kwenye barabara itokayo Isaka, ambao unajulikana zaidi kwa mashine za kukoboa mpunga na malori ya mchele kuliko kwa studio za picha.

Sauti nne zinazofuata hazina majina, kwa kuwa kila moja inabeba msimamo unaoweza kusikika kwa watu wengi wa ukanda wa Shinyanga na Geita. Mtetezi anataka uwakala uwe kazi ya kudumu. Mpigapicha anamtilia shaka. Mwanaushirika anaona kwamba wapigapicha wajiunge wenyewe. Na Mnunuzi ni afisa wa kampuni kubwa ambaye ndiye hutoa kazi na kulipa.

Mtetezi: Hoja huanzia kwenye ramani. Ndani ya mwendo wa siku moja kutoka Kagongwa upo mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001 na ambao tangu mwaka 2020 umo katika ubia wa Twiga, kampuni ya Barrick ikiwa na asilimia 84 na Serikali asilimia 16. Upo Mgodi wa Dhahabu wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000. Ipo bandari kavu ya Isaka, pamoja na reli ya kisasa inayojengwa kati yake na Mwanza. Na upande wa Nzega, katika kijiji cha Sojo, kipo kiwanda cha kuyavika mabomba ya mradi wa mafuta ghafi yatokayo Uganda kwenda Tanga tabaka la kuhifadhi joto. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, yaani orodha ya miradi ya shule, afya, maji na mengineyo itakayogharimiwa na mgodi kwa makubaliano na halmashauri. Na kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka bidhaa na huduma zinazopatikana nchini zipewe kipaumbele. Kila darasa na kila zahanati inayojengwa kwa mpango huo huingia katika taarifa ya mwaka ikiwa na picha yake, na hakuna sababu ya msingi ya mpiga picha hiyo kuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam.

Mpigapicha: Kazi hizo zipo, ndugu Mtetezi, na hilo halibishaniwi. Linalobishaniwa ni ulazima wa kuwa na mtu wa kati. Mkulima wa mpunga wa Kagongwa anamjua dalali, na anajua cha juu, yaani bei ya siri ambayo dalali huiongeza juu ya bei ya mwenye mali na kuitia mfukoni bila kumwambia mtu. Mchimbaji mdogo wa Geita naye alipunjwa na wanunuzi wa vichochoroni kwa miaka mingi, hadi Serikali ilipoanza mwaka 2019 kufungua masoko ya madini ambako mizani na bei ya siku viko wazi. Ikiwa dhahabu yenyewe imeondolewa mikononi mwa watu wa kati, kwa nini picha ipelekwe huko?

Shaka hiyo ni ya haki, ingawa mfano wa masoko ya madini hauendi mbali kama msemaji wake anavyodhani. Sheria haikumfuta mtu wa kati katika biashara ya madini. Ilimtaka awe na leseni ndogo ya biashara, afanye mauzo mahali panapojulikana na aweke kumbukumbu. Kilichobanwa ni usiri. Na kwa mawakala wa kila aina, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, ambayo inamlazimu wakala kumtolea hesabu aliyemtuma, na inamruhusu aliyemtuma kudai faida yoyote ambayo wakala ameipata kwa kuifanyia biashara hiyo kwa siri kwa manufaa yake mwenyewe. Kwa kanuni hiyo, cha juu ni fedha ambayo mpigapicha anaweza kuidai mahakamani kuwa ni yake, ilimradi awe na ushahidi wa maandishi, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu makubaliano yao yalifanyika kwa simu, tena aghalabu wakati kamera iko tayari begani.

Mwanaushirika: Dawa ya usiri si wakala mwaminifu, kwa maana uaminifu wa mtu mmoja hauwezi kukaguliwa na mwenzake aliye safarini. Kanda ya Ziwa iliwahi kulijibu swali hili kwa pamba. Wakulima waliochoshwa na wanunuzi wa kati walijenga vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Wapigapicha nao wana mfano wao: mwaka 1947 Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walianzisha Magnum, ushirika unaomilikiwa na wapigapicha wenyewe, kusudi hakimiliki na filamu zao zisibaki mikononi mwa magazeti. Wapigapicha wa Kagongwa, Kahama na Geita wajiandikishe chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, waajiri karani mmoja, na robo hiyo inayogombaniwa ibaki nyumbani.

Mpigapicha: Ushirika huohuo wa pamba ndio uliokuja kulalamikiwa kwa makato yasiyoeleweka, na vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976 kabla ya sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Mkulima alimkimbia mtu wa kati mmoja akamkuta mwingine mwenye ofisi, gari na kamati. Kuhusu Magnum, wale wanne walikuwa tayari na majina makubwa. Mhariri aliyetaka picha ya Capa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mhasibu wa kampuni anayetaka picha ya kisima kipya ana mahali pengi pa kwenda, ikiwemo simu ya dereva wake.

Jibu hilo ni kali, na katika sehemu yake ya pili ni sahihi kabisa, kwani ushirika humgawia mwanachama nguvu ambayo tayari ipo, nao hauwezi kuiumba. Hata hivyo Mwanaushirika amegusa jambo ambalo Mtetezi hulipita haraka, nalo ni umiliki wa picha zenyewe, ambalo mjadala utalirudia.

Mtetezi: Afrika Mashariki ina mfano wa tatu usio wa dalali wala wa ushirika. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Tanzania, alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa bado kijana, kisha akaiendesha kutoka Nairobi hadi kifo chake mwaka 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka Komoro. Dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, lakini kampuni ilidumu kwa sababu iliuza kazi kwa vyombo vingi vya nje, ikachapisha vitabu, na ikatoa jarida la abiria la shirika la ndege la Ethiopia. Hapo ndipo penye somo kwa wakala mpya: biashara ya picha huishi kwa mauzo yanayojirudia.

Ni kweli, ila iongezwe kwamba Amin alikuwa akipiga picha na kuziuza kwa mkono uleule, kwa hiyo hakuhitaji kumgawia mtu mwingine robo, na kwa sababu hiyo mfano wake unathibitisha thamani ya kuuza bila kuthibitisha ulazima wa kuwa na muuzaji aliye mtu mbali. Anayeweza kulithibitisha hilo ni Mnunuzi.

Mnunuzi: Kampuni haina shida na sura ya mtu wa kati wala haimtafuti. Inachotafuta ni mtoa huduma aliyesajiliwa, mwenye namba ya mlipakodi, anayeweza kutoa ankara, yaani hati ya madai ya malipo, na risiti ya mashine ya kielektroniki. Aliyesoma vigezo vya zabuni na kuvijibu kwa wakati. Ambaye atakubali kukaa darasani kwa mafunzo ya usalama kabla ya kuingia mgodini, avae kofia ngumu na buti, na asielekeze kamera kule alikokatazwa. Akitaka kurusha ndege isiyo na rubani, aje na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Baada ya yote hayo malipo hutoka siku 30 au zaidi tangu ankara ipokewe. Mafundi wazuri wa kamera hushindwa katika mambo haya, na kampuni huishia kumwita mtu wa Dar es Salaam ambaye picha zake si bora kuliko zao.

Kauli hii ndiyo msingi wa hoja nzima, na Mtetezi angefanya vyema kuanza nayo badala ya kuanza na ramani. Mteja mkubwa wa ukanda wa dhahabu hapungukiwi na wapigapicha. Anapungukiwa na karatasi zinazomwezesha kuwalipa. Wakala anayejenga kazi yake juu ya kufahamiana na watu atapoteza mkate siku mpigapicha atakapopata namba ya simu ya mteja, ilhali wakala anayejenga kazi yake juu ya zabuni, ankara na subira ya siku 30 anauza kitu ambacho mpigapicha, aliyezoea kulipwa taslimu siku ya harusi, hana wala hataki kujifunza. Subira hiyo ina gharama. Nauli, malazi, msaidizi na lenzi ya kukodi hulipwa kabla ya kazi, na asiyeweza kuvigharimia vitu hivyo hadi hundi itoke atarudi palepale pa dalali, akimwomba mpigapicha avumilie kwa fedha zake mwenyewe.

Mpigapicha: Basi hesabu iwekwe mezani.

Iwekwe kwa mfano wa kubuni. Ankara ni shilingi 3,000,000, ambapo 800,000 ni gharama za safari na vifaa na 2,200,000 ni ada ya upigaji. Kamisheni ya robo ikikatwa juu ya ada peke yake, wakala anapata 550,000. Ikikatwa juu ya ankara yote, anapata 750,000, na tofauti ya 200,000 ni fedha inayomlipa wakala kwa nauli na kitanda cha nyumba ya wageni ambavyo hakuviuza. Utaratibu wa haki ni kukata kamisheni juu ya ada tu, na mkataba usiolisema jambo hili waziwazi usitiwe saini. Linafuata suala la kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla ya kulipa na kuipeleka Mamlaka ya Mapato kwa niaba ya mlipwaji, ambayo kwa ada ya huduma ya mkazi ni asilimia 5. Cheti cha makato hayo huandikwa jina lililo kwenye ankara. Ankara ikiwa ya wakala, cheti ni cha wakala, na mpigapicha ambaye fedha nyingi ni zake hana cha kuonyesha anapofanya hesabu za kodi ya mwaka. Na wakala naye huonekana mbele ya mamlaka kama mtu aliyeingiza milioni tatu, wakati chake ni laki tano na nusu. Wengi hugundua hili baada ya mwaka kwisha. Njia iliyo safi ni mpigapicha kusajiliwa na kutoa ankara kwa jina lake, na wakala kumdai kamisheni kwa ankara ya pili. Njia hiyo huongeza karatasi, lakini humwondolea kila mmoja mzigo wa mwenzake.

Mpigapicha: Na wakala ataishi kwa nini, ikiwa kazi za migodi huja mara chache?

Mtetezi: Ataanza na mchele.

Jibu hili lina maana kubwa kuliko ufupi wake, ila lina ukomo. Tuseme mwenye mashine ya kukoboa anatoa ada ya shilingi 300,000 kwa picha za mfuko wa mchele. Kamisheni ni 75,000, na wakala anayehitaji 600,000 kwa mwezi lazima apate wenye mashine wanane kila mwezi, jambo lisilowezekana kwa mwaka mzima, kwa kuwa hakuna anayebadilisha mfuko kila msimu. Wakala wa Kagongwa kwa hiyo hana budi kuwa wa ukanda wote, Shinyanga, Kahama, Geita hadi Mwanza, na miaka ya mwanzo awe na riziki nyingine, kama vile uchapaji au usanifu wa vifungashio, ambayo pia itamfundisha bei. Maonyesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika Geita kila mwaka tangu 2018 yatamkutanisha kwa siku chache na wateja ambao angewatafuta kwa miezi. Idadi ya wapigapicha anaowasimamia nayo iwe ndogo, watatu au wanne, kila mmoja na fani yake, huyu wa chakula, yule wa mitambo na mandhari, mwingine wa watu, ili wakala asilazimike kuchagua ni nani amnyime kazi.

Mnunuzi: Jambo moja kampuni haitalikubali. Ikishalipa, picha ni yake.

Hapa pana kiini cha taaluma hii, napo panastahili kukaliwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 picha ni kazi ya sanaa inayolindwa, na haki ya kuitoa nakala na kuisambaza ni mali inayoweza kukatwa vipande na kuuzwa kipande kimoja kimoja. Kipande hicho huitwa leseni ya matumizi, na hupimwa kwa mambo manne: chombo, kama vile mfuko, bango, gazeti au mtandao, eneo, yaani Tanzania peke yake au pamoja na Rwanda na Burundi, muda, na upekee, yaani kama mtu mwingine anaweza kuuziwa picha ileile. Dalali huuza siku ya mpigapicha, wakala huuza leseni. Na ndiyo sababu kazi ya siku moja inaweza kulipwa tena baada ya miaka miwili bila mtu kushika kamera. Wachimbaji wadogo wanaelewa mantiki hii kuliko wanavyodhaniwa, kwani katika duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, mwenye leseni, mwenye duara na wenye nguvukazi hugawana mawe kwa mafungu yaliyokubaliwa, na hakuna anayesema kwamba aliyelipia mafuta ya pampu amelinunua duara zima.

Mpigapicha: Mwenye mashine ya mpunga atacheka akiambiwa kwamba picha ya mfuko wake inaisha muda.

Atacheka, na ana haki. Kanuni za London zikihamishwa nzimanzima hadi Kagongwa zitamfukuza mteja, ambaye atapakua picha ya shamba lolote kwenye intaneti bila kujua ni la nchi gani na kuibandika kwenye mchele wake. Kwa mteja mdogo busara ni kuuza leseni pana, isiyo na ukomo wa muda, kwa bei moja, huku mpigapicha akibaki na haki ya kuionyesha picha hiyo katika jalada lake la kazi. Kwa mgodi, benki au mkandarasi wa reli mambo ni tofauti: leseni ihesabiwe kwa muda na chombo, na kampuni ikisisitiza kuchukua haki zote, kama mikataba yake iliyochapwa tayari inavyofanya mara nyingi, hilo lisikataliwe bali lipewe bei yake, ambayo iwe kubwa kuliko ya leseni ya mwaka mmoja kwa kiasi kinachoumiza kidogo. Kupanga bei hiyo bila kutetemeka ndiyo kazi ambayo mpigapicha peke yake huishindwa, kwa sababu anaogopa kumkosa mteja. Na hapa, kuliko popote pengine katika mjadala huu, robo ya wakala inajilipa.

Mwanaushirika: Na anayeonekana katika picha analipwa nini?

Swali hilo huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake binafsi. Mama anayeteka maji kwenye kisima cha mradi, mwanafunzi katika darasa jipya na kibarua aliyepinda chini ya gunia la mchele wanahitaji kuelezwa picha itakwenda wapi, na ridhaa yao iandikwe, ya mtoto itolewe na mzazi au mlezi. Fomu hizo zikikaa kwa wakala, zikiwa na tarehe na namba za picha, huwa sehemu ya bidhaa yenyewe, kwa kuwa mwanasheria wa kampuni huziulizia kabla ya kitu kingine chochote.

Yamebaki masharti ya kuachana, ambayo huandikwa siku ya kupendana. Mtetezi anataka kamisheni ya miaka miwili kwa kila mteja aliyemleta, hata kama mpigapicha atakuwa ameondoka. Mpigapicha anatoa miezi sita, na anataka orodha ya wateja wake wa zamani iambatishwe kwenye mkataba ili kusiwe na kamisheni juu yao kamwe, na harusi zisihesabiwe kabisa. Katika madai ya Mpigapicha la pili na la tatu hayana shida. La muda halina jibu moja, ingawa mwaka mmoja unaopungua, robo katika miezi sita ya kwanza na nusu ya robo katika sita ya mwisho, ungemtendea haki kila upande. Vilevile faili za asili, yaani picha kamili kama zilivyotoka kwenye kamera, zikae kwa mpigapicha, na wakala apewe nakala ndogo za kuonyeshea.

Mnunuzi ana hofu yake, inayotokana na historia ya hapahapa. Mwaka 2019 Barrick ilinunua hisa zote zilizosalia za Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi wa Bulyanhulu, na taarifa, mabango na kofia zikabadilika jina. Zinaponunuliwa hisa, kampuni iliyopewa leseni ya picha hubaki ileile kisheria, na leseni yake huendelea. Unapouzwa mgodi wenyewe peke yake kwa kampuni nyingine, leseni isiyotaja uhamisho inaweza kubaki kwa muuzaji, na mmiliki mpya akajikuta anatumia picha asizo na haki nazo. Mtetezi anakubali kuandika kifungu cha uhamisho, kwa ada. Mpigapicha anauliza ada hiyo itakatwa robo au la, ikiwa wakati huo uwakala utakuwa umekwisha. Mnunuzi anajibu kwamba hilo halimhusu: katika orodha ya watoa huduma ya kampuni limo jina moja tu, na hati ya ununuzi ya mwezi ujao itaandikwa kwa jina hilo, hata kama wawili hao watakuwa bado wanabishana.